Taa ya Oili Haikuwaka

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilifika saa moja asubuhi katika karakana ya matrekta ya kubebea miwa, nimevaa ovaroli mpya ambayo mama alikuwa ameipiga pasi kana kwamba nakwenda kubatizwa. Fundi Mkuu alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniwekea mbele yangu filta ya oili iliyotoka kwenye trekta asubuhi hiyo, bado ina joto, akasema, "Ifungue."

Nikatafuta msumeno wa chuma. Akanishika mkono.

"Ukikata na msumeno, unga wa chuma utaangukia ndani. Halafu utakuja kuniambia injini inasagika, kumbe ni uchafu wako mwenyewe. Chukua kile kifaa cha kufungulia mikebe. Zungusha polepole."

Nilizungusha hadi kifuniko kikatoka. Ndani mlikuwa na karatasi ngumu ya kuchujia, imekunjwa marinda kama sketi ya shule. Fundi Mkuu aliivuta, akaitandaza kwenye gazeti, akapitisha kidole.

"Unaona hii michanga? Hewa inaingia injini bila kuchujwa, mtu amefunga filta ya hewa vibaya. Ukiona inang'aa kama samaki, hiyo ni beringi inalika. Ukiona tope jeusi, oili imekaa siku nyingi. Daktari anapimanga choo cha mgonjwa, sivyo? Wewe utapima hii."

Kwa miezi mitatu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Wenzangu walishusha gia na kufungua injini, mimi nikasoma uchafu. Niliona aibu mwanzoni. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba nilikuwa nimefundishwa jambo ambalo mafundi wengi hustaafu bila kulijua: injini huanza kufa muda mrefu kabla haijapiga kelele, na mahali pa kwanza inapokueleza ni ndani ya filta.

Ninyi mnaofanya kazi hii sasa mna mashine za kuchomeka kwenye gari zikawasomea kila kitu. Sisi tulikuwa na macho, pua na vidole. Lakini injini ni ile ile. Chuma kinazunguka ndani ya chuma, na katikati kuna utando wa oili mwembamba kuliko karatasi ya kusokotea sigara. Utando huo ukichafuka, vyuma vinasuguana. Ukikosekana, vinashikana.

Fundi Mkuu alinifundisha kuchagua filta. Msinielewe vibaya: filta mbadala, yaani ile isiyotoka kwa kampuni iliyotengeneza gari, si lazima iwe mbaya. Nimefunga nyingi na zikafanya kazi nzuri. Nyingine zilikuwa bora kuliko zile za kampuni yenyewe. Shida ni kwamba kwa nje zote zinafanana. Utapima nyuzi za kufungia, utapima upana wa raba, utaona zimeingia sawasawa, uridhike. Vitu vinavyookoa injini vimo ndani. Kuna valvu ya raba inayozuia oili isirudi chini gari likizimwa; ikiwa hafifu, kila asubuhi utasikia injini ikigonga sekunde chache kabla oili haijapanda, na sekunde hizo zinakula beringi kidogo kidogo. Kuna valvu nyingine yenye springi, inayofunguka filta ikiziba ili oili ipite hivyo hivyo, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Na kuna gundi inayoshika ile karatasi kwenye vifuniko vyake viwili. Gundi hiyo huwezi kuiona mpaka ukate.

Kwa hiyo alikuwa na sheria moja. Filta ya aina mpya ikija, zinanunuliwa mbili. "Moja ya kufunga, moja ya kukata," alisema. Mkuu wa stoo alilalamika kila mara kwamba tunaharibu spea. Fundi Mkuu hakumjibu hata siku moja. Alikata tu.

Nilikaa kwenye matrekta ya miwa miaka mingi. Fundi Mkuu alipostaafu, nami nikahama. Nilipata kazi Kakamega mjini, katika shirika moja la kanisa lililokuwa na zahanati kadhaa. Shirika hilo halipo tena na jina lake nitaliacha lipumzike. Lilikuwa na magari sita, mawili kati yake ambulensi. Juu yetu alikuwa Mkuu wa Karakana, mtu msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye alipenda magari yawe barabarani. Juu yake alikuwa Katibu wa shirika, mchungaji mstaafu.

Hapo ndipo nilipomjua Barasa.

Barasa alikuwa dereva wa ambulensi, mtu wa Matete, mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Kila asubuhi alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama kwenye mwanga. Akiwasha injini hakuikanyagia mafuta. Aliiacha ingurume taratibu hadi oili ifike juu, huku yeye akifuta vioo. Nilimwambia siku moja kwamba madereva wote wangekuwa kama yeye, mimi ningekosa kazi. Akacheka, akasema, "Basi nitaharibu kidogo, Fundi Shivachi, watoto wako wapate kula."

Miaka mingi imepita na bado siwezi kukumbuka utani huo bila kuumia.

Siku moja ya mvua ndefu ambulensi ya Barasa ilikuwa juu ya jeki kwa sevisi. Oili ilikuwa imeshamwagwa. Nikaenda stoo kuchukua filta, nikaambiwa zimekwisha na nyingine zimekwama njiani. Nilikwenda dukani mjini. Zile tulizozizoea hawakuwa nazo. Walikuwa na aina nyingine ambayo sikuwahi kuiona, boksi zuri, maandishi safi. Nilipima nyuzi, zikaingia. Nikapima raba, ikalingana. Nikaitikisa karibu na sikio, hakuna kilicholia. Nilijua kinachotakiwa kufanywa. Nilipaswa kuchukua mbili na kwenda kuikata moja.

Mkuu wa Karakana alikuwa amenipigia simu mara mbili. "Fundi, ambulensi moja iko barabarani na nyingine iko juu ya jeki. Mgonjwa akiita nitamtumia baiskeli? Nataka gari hilo chini saa nane."

Nikachukua moja.

Niliipaka raba yake oili mpya kwa kidole, nikaikaza kwa mkono kama inavyotakiwa, nikawasha injini, nikachungulia chini, hakuna tone lililovuja. Saa nane gari lilikuwa chini. Mkuu wa Karakana akanipongeza.

Ambulensi ilikwenda vizuri kwa majuma matatu. Kisha mchana mmoja Barasa aliitwa kumchukua mama aliyekuwa na uchungu wa kujifungua, kijiji kilicho ng'ambo ya msitu, kupita Isecheno. Mama huyo aliitwa Metrine. Muuguzi alikuwa naye nyuma, akaona mtoto amekaa vibaya na kwamba lazima wafike hospitali haraka. Walipokuwa katikati ya msitu, kwenye mwinuko wenye matope, injini ilianza kugonga. Barasa alisimama mara moja. Alipojaribu kuiwasha tena haikuzunguka hata robo. Ilikuwa imenoki, yaani vyuma vilikuwa vimeshikana ndani.

Nilipofika na gari la kuvuta, Metrine alikuwa ameshachukuliwa na trekta la kituo cha msitu. Barasa alikuwa amesimama kwenye mvua kando ya ambulensi, viatu vimejaa tope. Alikuwa amekimbia hadi kituoni kuomba lile trekta, akarudi nalo.

"Taa ya oili haikuwaka," aliniambia. Hata salamu hakunipa. "Nilikuwa naitazama, Fundi. Haikuwaka."

Metrine alipona. Mtoto wake, msichana, alizaliwa kimya, akazikwa siku iliyofuata.

Shirika liliunda kamati. Kamati ikauliza maswali mawili tu. Je, injini inaweza kukosa oili bila taa nyekundu kuwaka? Hakuna aliyewahi kuona. Je, nani huitazama taa? Dereva. Barasa alisimamishwa kazi kwa kupuuza onyo la taa. Mjini watu walianza kumwita dereva aliyeua mtoto. Walimwambia hata binti yake shuleni.

Mimi nilipewa kazi ya kufungua ile injini.

Nilishusha sampu, ambalo ni bakuli la oili chini ya injini, na nikakuta oili imejaa kama kawaida. Nilifungua beringi za kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Mbili zilikuwa zimeyeyuka na kugandamana na chuma. Nikachukua ile filta, nikaiweka kwenye benchi, nikaikata kwa kifaa cha mikebe, polepole.

Gundi ilikuwa imeachia. Karatasi ilikuwa imebanduka kutoka kwenye kifuniko chake na kuchanika, na vipande vingine havikuwemo. Nilivitafuta nikavipata mahali pabaya: vilikuwa vimesafiri na oili na kuziba tundu jembamba la kupeleka oili kwenye kranki. Kile kifaa kinachowasha taa kimefungwa kabla ya tundu hilo. Kilikuwa kinapata oili ya kutosha kabisa. Kwa hiyo taa haikuwa na sababu ya kuwaka. Barasa alikuwa amesema kweli neno kwa neno.

Halafu nikaenda kwa Mkuu wa Karakana na vile vipande nimevifunga ndani ya kitambaa. Alivitazama, akaenda kufunga mlango wa ofisi.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Filta ulichagua wewe. Mimi ndiye niliyekuharakisha. Kamati imeshaandika. Mtoto hatarudi, Shivachi. Na mwezi ujao jina lako linapelekwa uwe naibu wangu. Unataka kuharibu watu watatu badala ya mmoja?"

Nikatoka, nikarudisha kitambaa kile kwenye sanduku langu la spana, nikaendelea na kazi. Majuma matano nilinyamaza. Ninaandika hivi kwa sababu vijana wengine huniambia kwamba mimi ni mtu mkweli. Mkweli hanyamazi majuma matano. Nilikwenda kanisani, niliimba, nilikula chakula changu. Nilijiambia kwamba kesho nitasema, na kesho ikifika nikajiambia kwamba Barasa ana shamba kwao, hatalala njaa.

Kisha Barasa alikuja kurudisha sare. Aliikunja vizuri juu ya kaunta ya stoo, kofia juu. Alipomaliza akaja kwenye benchi yangu.

"Fundi, wewe ndiye unajua injini," alisema. "Sikuja kulaumu mtu. Nataka tu uniambie nilikosea wapi. Nimefikiria kila siku tangu ile siku. Nilikanyaga sana kwenye ule mlima? Nilisikia sauti nikachelewa kusimama? Niambie, ndio nikipata kazi mahali pengine nisirudie."

Nikamwambia, "Sijui, Barasa."

Akatikisa kichwa, akanishukuru. Alinishukuru! Nikamtazama akivuka lango na mfuko wake wa plastiki.

Jumatatu iliyofuata sikwenda kwa Mkuu wa Karakana. Nilikwenda moja kwa moja kwa Katibu, nikafungua kitambaa juu ya meza yake, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Mzee yule alivaa miwani, akaangalia vile vipande, akaniuliza maswali machache. Mwisho akasema, "Umekuwa navyo siku ngapi?"

Nikamwambia.

"Kuharakishwa na mkubwa wako ninakuelewa," akasema. "Kukosea ninakuelewa. Hizo siku ndizo sitaweza kukutetea."

Niliachishwa kazi. Mkuu wa Karakana alihamishwa. Barasa aliandikiwa barua ya kumsafisha jina na kuitwa arudi kazini. Alijibu kwa mistari miwili kwamba anashukuru, lakini hawezi tena kukalia kiti kile. Ile ya kumsafisha iliingia kwenye faili. Hakuna aliyeisoma mbele ya watu. Mjini waliendelea kusema walichokuwa wakisema, maana habari mbaya haihitaji barua.

Nilikwenda pia kwa Metrine. Mke wangu alinikataza, akisema nitatonesha kidonda. Nilikwenda. Alinikaribisha kwenye kiti, nikasema yangu yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Kwetu mgeni hakosi chai, au hata maji. Siku ile sikupewa kitu, na sikustahili.

"Yule dereva alikuja siku ya tatu," alisema Metrine nilipomaliza. "Alilia hapa mlangoni mpaka mume wangu akamshika. Sisi hatukumwita muuaji, ni watu tu. Wewe umekuja lini?"

Akaingia ndani. Nikainuka nikaenda.

Kazi nyingine niliipata Lumakanda, kwa kikundi cha wakulima wa mahindi waliokuwa na matrekta yao. Mwenyekiti wao alikuwa mama mkali, mjane, aliyejua historia yangu kabla sijaifungua. "Nimeambiwa wewe ulifanya kosa ukalisema," alisema. "Wale wengine nilioajiri walikuwa hawakosei kabisa, na matrekta yangu yote yamekufa."

Nilimfanyia kazi hadi kustaafu. Vumbi la kuvuna mahindi ni baya sana. Huingia popote palipo na mwanya, likichanganyika na oili linakuwa kama msasa. Tulibadilisha oili kwa kuhesabu saa za kazi, hatukungoja iwe nyeusi. Tulifunika mdomo wa kila chombo cha oili. Tulinunua filta kwa muuza duka mmoja tuliyemjua, na kila aina mpya ilikatwa kwanza, hata wakati wa kuvuna, hata trekta likisubiri na mvua inakuja. Mwenyekiti alinifokea mara moja tu kuhusu jambo hilo. Nilimweleza sababu yangu, na hakunifokea tena.

Mwaka wangu wa tatu pale, Barasa alitokea karakana. Nywele zilikuwa zimeanza mvi. Nilikuwa chini ya trekta, nikaona viatu, nikasikia sauti, nikaitambua.

"Mulembe, Fundi," alisema. Nikatoka. Mkononi alikuwa na filta mbili. "Nimenunua mashine ya kusaga, ya dizeli. Dukani wana aina hizi mbili, nimenunua moja moja. Sijui ipi ni nzuri."

Nikazichukua. Nikazikata zote mbili mbele yake, nikamwonyesha karatasi, gundi, springi na raba. Moja ilikuwa hafifu. Nyingine ilikuwa nzuri, ingawa boksi lake lilikuwa baya kama nini. "Rudi ununue hii," nikamwambia.

"Haya," akasema.

Tulikaa kwenye matairi makuukuu tukanywa chai. Nilimwomba msamaha. Akaweka kikombe chini, akasema, "Mimi nilikusamehe nilipopata ile barua. Ila binti yangu Nekesa hajakusamehe. Yeye ndiye waliyemchekanga." Tangu hapo alikuja kila alipohitaji filta, na kila nilipokwenda Matete nilipita kwake. Nekesa aliniamkia kwa heshima kila mara, kisha akatoka chumbani.

Nimestaafu sasa. Macho hayaoni tena ule mng'ao mdogo wa beringi kwenye karatasi. Vijana hunitumia picha za filta kwa simu, wakiniuliza, Baba, hii ni orijino ama ni feki? Ninawaambia picha haina ndani. Ninawaambia pia jambo ambalo hawaulizi. Filta mbaya niliyoifunga ilikuwa kosa la mchana mmoja, na makosa ya mchana mmoja yatawapata hata ninyi mlio makini. Lakini yale majuma matano niliyatengeneza mwenyewe, kila asubuhi upya, kwa akili timamu.

Barasa alifariki mwaka huu, kwa ugonjwa, nyumbani kwake Matete. Siku ya mazishi nilikaa nyuma, kwenye hema la wageni. Mzee wa ukoo aliyeendesha ratiba alisoma maisha yake: alizaliwa, alisoma, aliendesha ambulensi, "na baada ya ile ajali" akarudi nyumbani. Nikasikia mama mmoja mbele yangu akimnong'oneza mwenzake, "Si ndiye yule wa mtoto?"

Nikanyoosha mkono. Sikuwa kwenye ratiba. Mzee yule alimtazama Nekesa, ambaye sasa ni mwalimu na mama wa watoto watatu, amekaa karibu na jeneza. Nekesa alinitazama. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Nilisimama mbele ya watu wale nikiwa nimeshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nilisema jina langu. Nilisema kwamba ile haikuwa ajali ya Barasa. Nilisema filta niliinunua mimi, nikaifunga mimi, bila kuikata kama nilivyofundishwa. Kwamba taa ya oili haikuwaka kwa sababu haikuweza kuwaka. Kwamba mtu huyu aliyelala hapa alifanya kila kitu anachopaswa kufanya dereva, akakimbia kwenye matope kutafuta trekta, na ndilo trekta hilo lililomfikisha yule mama hospitali akiwa hai. Nilisema nililijua hilo kabla ya mtu yeyote, na nikanyamaza wakati jina lake linachafuliwa. Nilimaliza. Hakuna aliyepiga makofi, na hapakuwa mahali pake. Watu wa nyuma walikuwa wakiulizana nimesema nini, maana upepo ulikuwa unapiga turubai.

Nikageuka kurudisha kipaza sauti. Nekesa alikuwa amesimama mbele yangu, uso umelowa machozi. Hakukipokea.

"Baba, rudia," alisema. "Wale wa nyuma hawakusikia."

Nikawageukia, nikarudia yote, kwa sauti kubwa, kuanzia mwanzo.